Nyumba Kumi za Ambrosi

Chimala, 9 Machi 1975

Shemeji yangu Ambrosi,

Salamu nyingi kutoka huku Usangu. Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishakunywa uji anaanza kutugombeza, ndipo tunajua amepata nafuu. Mvua imekuwa nzuri na mpunga umefika magotini. Yule ng'ombe mweupe uliyekuwa unamwogopa amezaa ndama mwenye doa usoni, utadhani amechovya pua kwenye maziwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba Ng'washi ana mimba tena, na kwamba chakula cha huko kinamshinda, anataka mboga yetu ya mgagani tu. Nilicheka, kisha nikazikumbuka zile mimba mbili zilizotoka. Mama alikwenda kuchuma mwenyewe. Aliuchemsha, akauanika juu ya mwamba mpaka ukawa mweusi na mkavu, kama tunavyofanya sisi Wasukuma ili mboga iliwe hata kiangazi. Nimejaza gunia dogo. Mbegu nazo nimezifunga kwenye kitambaa, apande nyuma ya jiko, ingawa sijui kama zitakubali baridi yenu. Gunia nimempa utingo wa basi la Iringa, atalishusha stendi kwa jina lako.

Kwa kuwa dada yangu hakupata shule, msomee haya: Ng'washi, kula ushibe. Nakumbuka ulivyoficha sufuria ya mgagani chini ya kitanda ili mimi nisiipate, na paka akaipata. Safari hii hakuna wa kukunyang'anya.

Nakutegemea wewe, shemeji. Mwangalie. Safari hii mtoto akae.

Budeba Masunga


Kilolo, 13 Aprili 1975

Shemeji Budeba,

Kamwene! Najua utauliza tena maana yake. Ni salamu ya Kihehe tu, ukijibu hivyo hivyo inatosha.

Gunia limefika. Ng'washi alilifungua hapo hapo njiani, akaingiza uso wote ndani. Ameupika kwa karanga, nami nimekula kama nilivyokula kwenu wakati ule nikiwa kibarua wa reli. Mama yangu Rozalia ameonja akasema ni chungu kama dawa ya minyoo, lakini kama mjukuu ndiye anayeitaka, basi iliwe. Unajua mama ndiye mkunga wa upande wetu wote. Kila Jumapili baada ya misa anampapasa Ng'washi tumbo na kusema mtoto amekaa vizuri. Mbegu nazo zimeota.

Habari nyingine, usicheke: nimechaguliwa balozi wa nyumba kumi. Kijiji kimeanzisha mpango wa kuimaliza bangi. Vijana wetu wameharibika. Wanalala mashambani mchana kutwa, na mmoja amempiga baba yake kwa mpini wa jembe. Sasa kila balozi anawajibika kwa nyumba zake: tunakagua mashamba, tunapanga zamu za ulinzi, tunawaita wazazi na kuzungumza nao. Hatuna bunduki wala pingu. Ni majirani kwa majirani. Atakayepatikana na bangi atatengwa mpaka mavuno yaishe: hasalimiwi, hapewi moto, hakuna anayeingia nyumbani kwake. Atakayevunja amri naye anatengwa. Ni adhabu ya wazee wetu, na inafundisha kuliko jela.

Ng'washi anasema niandike hivi: "Mwambie Budeba aoe. Mwanangu akija kumtembelea mjomba, nani atamkorogea uji, ng'ombe?" Nimeandika kama alivyosema.

Wako, Ambrosi


Chimala, 25 Mei 1975

Shemeji Balozi,

Kamwene! Umeona, najifunza. Mama anakusalimu, na ametengeneza mbeleko ya ngozi ya mbuzi, ameilainisha kwa siagi mpaka nyumba nzima inanuka. Ndama mwenye doa ameanza kula majani.

Nimefurahi kwa cheo chako. Kuhusu bangi mnafanya vizuri. Hapa kando ya barabara kuu vijana nao wanavutishwa na madereva, na hakuna anayewauliza. Ila nikuombe kitu kidogo. Hiyo adhabu ya kutenga, nilipokuwa mdogo niliona mzee mmoja amepewa. Alikuwa anazungumza na kuku wake. Muwe wapole kidogo katika kuitumia.

Msomee Ng'washi: wake ninaowataka wananikataa, wanaonitaka wanapika kama yeye. Anipe muda.

Budeba


Kilolo, 20 Julai 1975

Shemeji Budeba,

Salamu. Huku ni baridi na ukungu, lakini tumevuna. Shamba la kijiji limetoa mahindi mengi kuliko mwaka jana.

Mpango wetu umekwenda vizuri sana. Kwenye mkutano mkubwa nyumba zangu kumi zilitajwa kwa sifa mbele ya katibu kata. Vijana wamerudi mashambani. Watu wa vijiji vingine wanakuja kujifunza kwetu.

Nakuomba usitume tena gunia wala kifurushi chochote huku.

Mambo ya nyumbani nitakuandikia nikipata nafasi. Msalimu mama.

Ambrosi


Chimala, 17 Agosti 1975

Shemeji Ambrosi,

Pole na kazi. Sisi tupo. Mama ameacha kukohoa.

Barua yako nimeisoma, nikageuza karatasi nikidhani umeandika nyuma. Hakuna neno la Ng'washi. Yeye haachi barua ipite bila kunitania, hata alipokuwa na malaria alikuambia uandike kwamba masikio yangu ni ya punda. Mimba ilipaswa kuwa imekomaa. Amejifungua? Mama ananiuliza kila jioni nikirudi kutoka malishoni, nami namwambia posta imechelewa. Nimeanza kumdanganya mama kwa ajili yako, shemeji, na mimi si hodari.

Kama nimekukosea kwa lile gunia, niambie. Ilikuwa mboga tu.

Andika hata mstari mmoja. Nisipopata nitapanda basi nije.

Budeba


Kilolo, 5 Oktoba 1975

Shemeji Budeba,

Usije. Barabara ya kupanda huku ni mbaya.

Ng'washi alifariki mwezi wa saba katika uzazi. Ni mapenzi ya Mungu. Tulimzika vizuri. Mtoto ni wa kiume, yu hai, yuko kwa mama yangu.

Nilichelewa kuandika kwa sababu ya kazi za ubalozi. Mpe mama pole.

Ambrosi


Chimala, 9 Novemba 1975

Shemeji Ambrosi,

Nimefika salama. Asante kwa kunilaza na kunilisha. Mama nimemkuta amekaa mlangoni na ile mbeleko mapajani. Nikamwambia mtoto ana macho ya Ng'washi. Hilo ni kweli, kwa hiyo nilianza nalo.

Muda wote niliokaa kwako hukusema kitu. Kila nilipofungua mdomo ulinionyesha shamba lako la pareto. Kwa hiyo naandika, maana karatasi huwezi kuiaga ukaenda shambani.

Ulinionyesha kaburi ng'ambo ya kijito, peke yake, mbali na makaburi ya watu wenu wote. Ulisema ni kwa sababu ya udongo laini. Ulinikataza nisiende kwa mama yako, ukasema ana ugonjwa wa kuambukiza. Ulipokwenda mkutanoni, nilikwenda. Nilikuwa nimekuja kumwona mtoto.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye jiko lisilo na moto, amemfunga mtoto kifuani ndani ya blanketi.

"Usiingie, mwanangu," alisema. "Nimetengwa. Ukiingia na wewe umekwisha."

"Mimi si wa nyumba kumi, mama. Mimi ni wa Usangu."

Alicheka bila sauti. "Haya ingia basi, mjinga wewe. Una kiberiti?"

Nilikuwa nacho. Tuliwasha moto, na ndipo akasema. Nayaandika kama alivyoyasema, uniambie palipo na uongo.

Alisema katibu kata aliagiza kila balozi aje mkutanoni na mkosaji wake. Atakayekuja mikono mitupu anaficha, na nyumba zake hazitauziwa kitu katika duka la kijiji. Katika nyumba zako mwenye bangi alikuwa Kalinga, kaipanda katikati ya mahindi, na kila mtu anajua. Lakini ndugu yake Kalinga ndiye kamanda wa mgambo.

"Ambrosi alimwambia mkewe mbele yangu," mama yako alisema. "'Wewe ni mgeni, huna ukoo hapa wa kuaibika. Kubali tu. Ni mpaka mavuno yaishe.' Ng'washi akamwuliza, 'Kwa hiyo mboga ya mama yangu imekuwa bangi?' Akamjibu, 'Kwa mkutano huo tu.' Akakubali, mwanangu. Alidhani ni mchezo wa wanaume. Alilibeba gunia lake mwenyewe kichwani, na tumbo lile."

"Na watu hawakuona kwamba ni mboga?"

"Watu? Hapa bangi imelimwa tangu enzi za babu zetu, nani asiyeijua harufu yake? Waliona. Kalinga ndiye aliyeanza kupiga makofi."

Ukasoma amri wewe mwenyewe, kisha ukahamia kwa mama yako ili mfano uonekane. Ng'washi akabaki peke yake katika nyumba ile ya juu ya shamba la kijiji. Mama yako alisema alimkuta siku moja kisimani, akageuza uso kama alivyoagizwa, na Ng'washi akamwambia mgongoni, "Mama, mtoto anacheza sana leo." Hakumjibu. Alipofika hapo alinipa mtoto nimshike.

Halafu alinieleza habari ya siku ile. Mlikuwa mnavuna, watu wa nyumba zote kumi, mko chini tu ya mlango wake. Uchungu ulimwanza asubuhi, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Aliita. Alimwita mama yako kwa neno letu la kumwita mama, mayu, mayu Rozalia.

"Kalinga akaanzisha wimbo wa kazi," mama yako alisema, "na wote wakaitikia. Akiita zaidi, wanaimba zaidi. Ambrosi mwanangu alikuwa mbele ya mstari. Nilimtazama, akatazama mahindi. Nilipolitupa tenga jua lilikuwa limeshapita utosini. Akanishika mkono: 'Mama, ukiingia, kesho ni wewe.' Nikamwambia, 'Basi kesho ni mimi.' Nilikuta mtoto ameshatoka, na damu imefika mlangoni. Alikuwa bado ananijua. Aliniambia aitwe Seni. Kwa mkono huu nimezalisha upande huu mzima, hata huyo Kalinga ana watoto niliowapokea mimi. Ningefika asubuhi, angekuwa anakukorogea uji sasa hivi."

Na kwa kuingia kule, amri yako ikamkuta yeye, na kwa kuwa mavuno yalikuwa yanaisha, akahesabiwa mpaka mavuno yajayo.

Shemeji, sikuandikii ili tugombane. Nilivyolelewa sijui kugombana vizuri. Ninachotaka ni kimoja. Seni amekonda. Mama yako anamnywesha maji ya uji anaouchemsha akiokota kaa la moto lililosahauliwa shambani, kwa sababu majirani hawampi moto wala maziwa. Mvua zinakuja. Simama mkutanoni useme ilikuwa mboga, umeila mwenyewe kwa karanga ukaomba kuongezewa. Au nipe mtoto nimlete huku, tuna maziwa mpaka tunamwagia paka.

Lolote kati ya hayo mawili. Nitashukuru.

Budeba


Kilolo, 30 Novemba 1975

Shemeji Budeba,

Nimepata barua yako. Nimeichoma, kwa usalama wako na wangu.

Mama ni mzee na anaongeza chumvi, lakini sitabishana nawe. Hukuwapo. Hujui ilivyokuwa kusimama pale na nyumba kumi nyuma yako, na watoto wa watu kumi, na duka limefungwa. Nilichagua lililokuwa dogo. Ilikuwa wiki chache tu za kutosalimiwa. Nani alijua mtoto angewahi?

Uliyoomba hayawezekani. Nikisema ilikuwa mboga, kijiji kizima kimesema uongo mbele ya katibu kata, na mpango wote umekufa. Vijana wataanza upya. Na mpango ni mzuri, Budeba, hata wewe ulisema. Mtoto naye ni wa ukoo wetu. Akiondoka, watu watauliza ameondoka kwa nini.

Lakini nimehangaika kwa ajili yako. Nimezungumza na kamati ya ulinzi, ambayo Kalinga ndiye mwenyekiti wake sasa. Wamekubali hivi: mtu wa nje akiandika kwa mkono wake kwamba bangi ile ilitoka kwake, kosa linakuwa limetoka nje ya kijiji, na nyumba ya mama itafunguliwa siku hiyo hiyo barua itakaposomwa. Atapewa moto. Mtoto atapata maziwa, kuna mke wa jirani ananyonyesha na yuko tayari. Uandike kwamba ulituma wewe, na kwamba dada yako alijua ni bangi. Hilo la pili Kalinga amesema lisikosekane.

Jina lako litapelekwa kwa mgambo, kwa hiyo usikanyage tena huku. Hutapoteza kitu, huku si kwenu.

Andika mapema. Mvua imeanza na mtoto anakohoa.

Umesema habari ya wimbo. Tangu Julai mimi siimbi kazini. Nikifungua mdomo sauti haitoki. Wanasema nina koo.

Ambrosi


Chimala, 14 Desemba 1975

Shemeji Ambrosi,

Kamwene. Mama anakusalimu. Hajui niliyoyasikia kwa mama yako. Anaamini Ng'washi alifia mikononi mwa watu, wanawake wamemshika huku na huku, na nimemwacha aamini. Ameanza kula vizuri. Jana aliniuliza kama huko walimpaka mafuta kabla ya kumzika, nikamwambia ndiyo, mafuta mengi.

Barua ya mkutano ni hii hapa, kwenye karatasi ya peke yake. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili Kalinga asikwame anapoisoma:

"Mimi Budeba mwana wa Masunga, mkazi wa Chimala, nakiri kwamba mwezi Machi mwaka huu nilimtumia dada yangu Ng'washi gunia la bangi kwa basi. Dada yangu alijua ni bangi. Watu wa nyumba kumi za Balozi Ambrosi hawakuhusika. Bibi Rozalia na mtoto hawana kosa. Naomba wasamehewe."

Umeona, sikusahau lile la pili. Nilipofika hapo niliiacha kalamu, nikaenda kunywesha ng'ombe. Ndama mwenye doa alinifuata akinilamba kiwiko. Nilimwomba Ng'washi radhi kwa sauti, hapo mtoni, kama mtu asiye na akili. Kisha nikarudi nikaandika. Alikuwa amekwisha kulibeba lile gunia kichwani kwa ajili yako. Nami nimelibeba. Nadhani angenicheka kwanza, kisha angesema sawa.

Sasa na wewe ufanye haya. Siku itakaposomwa, usingoje mkutano utawanyike. Chukua kijinga cha moto kutoka nyumbani kwako mwenyewe, mpelekee mama yako, watu wakuone. Mtoto umpeleke wewe kwa huyo mama anayenyonyesha, usimtume mtu. Kama kifua hakijapona, mpandishe kwenye basi na bibi yake mpaka hospitali Iringa, na usiseme habari za kazi za ubalozi.

Kuhusu sauti yako sina dawa.

Najua huko sitafika tena, na kaburi lile ng'ambo ya kijito sitalipalilia. Kama ukipita, ng'oa majani. Hata mara moja kwa mwaka.

Seni akikua, ataambiwa mambo na watu wa kijiji, na barua yangu itakuwa shahidi wao. Sikudai umweleze ukweli. Huwezi, naelewa. Lakini akiuliza jina hili la Kisukuma alilipata wapi, mwambie alipewa na mama yake alipomwona. Na umwambie ana mjomba Usangu, anaitwa Budeba. Naomba anikumbuke.

Budeba Masunga